Jambo zito likikuisha moyoni, unajuaje? Dodoso limenikwamia huku Kigoma

Mtu wa Rusimbi (mleta mada)
Jumamosi, saa 2:14 usiku

Wakuu, kwema? Naomba mnisome hadi mwisho, najua uzi mrefu humu huwa mnaurukia.

Nimepata kibarua cha miezi mitatu hapa mjini, kukusanya majibu ya dodoso. Utafiti unahusu watu waliopitia mambo mazito: kufiwa, kuzamiwa na ndugu ziwani, kuachika, kukimbia makwao. Uchungu wenyewe haupimwi. Kinachotafutwa ni kama jambo limefika mwisho ndani ya mtu au bado liko wazi. Dodoso lililetwa kwa Kiingereza. Tukaambiwa tulitafsiri, kisha mtu mwingine alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona lile la kwanza, halafu tulinganishe. Hapo hatukupata taabu kubwa.

Taabu imeanza mtaani. Kuna sentensi mhojiwa anasomewa, aipe alama 1 mpaka 7. Akikubali kabisa, 7. Sentensi inasema: "Tukio hili kwangu ni kitabu kilichofungwa." Juzi Ujiji nimemsomea bibi mmoja aliyezika wanawe wawili. Akaniuliza, "Kitabu kipi, mjukuu wangu?" Nikamwambia ni mfano tu, bibi. Akasema, "Mimi kitabu ninachokijua ni msahafu. Nao ukishaukhitimu, hapohapo unaanza tena Alhamdu." Nikabaki nimeshika kishikwambi, sijui nibonyeze ngapi.

Tukabadilisha: "Nimeufunga ukurasa huo." Mama mmoja pale mwalo wa Katonga akaangua kicheko, "Huku kilichofungwa ni ziwa." Kwa wasio wa huku: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei, samaki wapate kuzaliana. Ukimtamkia mtu wa Katonga neno kufunga, anasikia njaa.

Tukajaribu "yamekwisha". Hilo ndilo baya kuliko yote, maana kila mtu anakupa 7. Nani atakwambia hayajaisha, wewe mgeni uliyekuja na kitambulisho shingoni? "Yamekwisha, baba, nimemwachia Mungu," huku anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nikaandika 7. Msimamizi akapitia, akasema safi.

Sasa nawauliza nyie. Wewe binafsi ulijuaje kwamba lako limeisha? Ushauri baki nao, nataka dalili.

---

Kijiti cha Gungu
Jumamosi, saa 2:31 usiku

Siku aliyeniacha alipopiga simu kuomba hela ya bando, nikamtumia bila kusonya. Nilijua hapohapo.

Mengine ngoja waje wenyewe. Nimekaa mbele na karanga zangu.

---

Mgebuka Mkavu
Jumamosi, saa 3:05 usiku

Mambo ya kupima moyo kwa namba yanatoka kwa watu wasio na matanga. Sisi msiba una ratiba. Siku ya tatu watu wanaanua matanga, masufuria ya kuazima yanarudishwa, wa mbali wanapanda treni. Siku ya arobaini hitma. Imekwisha. Huyo mtafiti akitaka mwisho aje siku hiyo na sahani yake.

---

Mwalimu wa Isevya
Jumamosi, saa 4:20 usiku

Mleta mada, mimi nafundisha saikolojia hapa Tabora. Nitakwenda kwa urefu, mtaniwia radhi.

Habari hii ilianzia mkahawani. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1920 kule Berlin, Kurt Lewin na wanafunzi wake waliona mhudumu anakumbuka vizuri bili ambayo haijalipwa, lakini mteja akishalipa inamtoka kichwani. Mwanafunzi wake, Bluma Zeigarnik, akalipeleka jambo hilo kwenye jaribio na kulichapisha mwaka 1927. Aliwapa watu vikazi vidogovidogo, vingine akawaacha wamalize, vingine akawakatiza. Kwake, vilivyokatizwa vilikumbukwa karibu mara mbili ya vilivyokamilika. Msiimeze nzima lakini, maana waliorudia baadaye hawakupata jibu hilohilo kila mara. Mimi napenda zaidi kazi ya mwenzake, Maria Ovsiankina, ya mwaka 1928: mtu aliyekatizwa, ukimwacha bila kumwambia lolote, anaurudia ule mchezo mwenyewe. Pengine hata hauwazi. Mkono tu unaufuata.

Songa mpaka 2005. Denise Beike na Erin Wirth-Beaumont, Wamarekani, waliandika kwamba ukomo huu ni tabia ya kumbukumbu, si ya tukio. Watu wawili wanazika siku moja, mmoja kumbukumbu yake imetulia, mwingine bado iko wazi. Waligundua kwamba kumbukumbu iliyo wazi inasimuliwa na hisia nyingi ndani yake, iliyofungwa inasimuliwa kavu. Sentensi yako ya kitabu ina ukoo na kazi za namna hiyo. Waliomwandikia mtu wa Marekani hawakumwaza bibi wa Ujiji na hitma yake.

Kuna kitu wengi wanachanganya, hata wanafunzi wangu. Arie Kruglanski na Donna Webster walitoa kipimo mwaka 1994 ambacho jina lake linafanana na hiki, lakini chenyewe kinapima kiu ya kupata jibu la mkato: yule mtu asiyevumilia "labda", anayetaka aambiwe ndiyo au hapana muda huu. Huyo anaweza kuwa hajawahi kufiwa na kuku. Kama kwenye vifaa vyenu mmepewa hicho, rudisheni.

Na kingine ambacho nina hakika umekutana nacho: kile cha Horowitz na wenzake cha 1979, maswali 15, ambacho Weiss na Marmar walikiongeza hadi 22 mwaka 1997. Hicho hakikuulizi kama umemaliza. Kinauliza siku saba zilizopita picha za tukio zilikujia mara ngapi bila kuziita, ulikwepa vitu gani, ulishtuka mara ngapi. Kila swali 0 hadi 4, kwa hiyo juu kabisa ni 88. Mtu anaweza kusema yamekwisha huku kwenye hicho anasoma 50.

---

Mgebuka Mkavu
Jumamosi, saa 4:33 usiku

Mwalimu umeandika ukurasa mzima kuhusu mhudumu wa mkahawa. Arobaini yangu hujaigusa.

---

Mwalimu wa Isevya
Jumamosi, saa 4:41 usiku

Nimeiacha kwa heshima, kaka. Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeweka ugonjwa wa majonzi yasiyokwisha: uchungu mkali unaomzuia mtu kuishi, uliopita miezi 6 tangu msiba. Lakini limeweka sharti kwamba lazima uwe umezidi kile ambacho mila na dini ya mtu inakitarajia. Ratiba yako ya matanga inahesabika mle. Ninalobisha ni moja, kwamba arobaini inamaliza msiba. Inamaliza shughuli.

---

Mama Zulfa
Jumapili, saa 12:50 asubuhi

Asalaam aleikum wote. Nimesoma nikiwa nimemaliza kuswali, nikaona niseme kabla sijawasha jiko.

Mimi nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato, bila wanja. Siku ya kutoka mashoga wakaja, wakaniogesha, wakanipaka udi, wakasema haya, umetoka. Nikatoka kweli, nikaenda sokoni Mwanga kununua dagaa. Lakini kaka Mgebuka, nilikuwa nimetoka mlangoni tu.

Unataka dalili, mwanangu? Nitakupa yangu, ucheke ukipenda. Marehemu mume wangu tangu afe alikuwa malaika. Kila nikimtaja, "alikuwa mtu mwema, mwema." Watoto wakakua wakijua baba yao alikuwa sawa na wali. Miaka ikapita. Siku moja wifi yangu akaja akasema kaka yetu alikuwa mkarimu sana, mimi nikajikuta nimesema: mkarimu wapi, yule alikuwa akihesabu nyanya! Alikuwa anakoroma mpaka kuku wanaamka! Tukacheka mpaka wifi akaegemea ukuta. Usiku nikalala. Asubuhi ndiyo nikajijua nimepona, maana nilikuwa nimempata mume wangu, si yule wa kwenye hotuba za mazishini.

Sasa kwenye lile dodoso lako ningekuwa namba ngapi? Siku ile nimecheka nilimkumbuka kuliko mwaka mzima uliotangulia.

---

Kijiti cha Gungu
Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo mama Zulfa. "Sawa na wali" nimeiba.

---

Mwalimu wa Isevya
Jumapili, saa 2:02 asubuhi

Mama Zulfa shikamoo. Umenivurugia somo la Jumatatu. Kwa kipimo cha masimulizi makavu wewe ungeonekana umerudi nyuma, kwa sababu hadithi yako imeongezeka hisia. Ila hisia zimeongezeka aina. Zilikuwa za rangi moja, sasa zimechanganyika. Kipimo cha 1 mpaka 7 hakina mahali pa kuweka hilo.

---

Bani Limeungua
Jumapili, saa 2:40 asubuhi

Mimi wa Urambo, mkulima wa tumbaku. Bani langu, banda la kukaushia tumbaku, liliungua na tumbaku yote ya msimu ndani, usiku, kuni zilizidi moto. Mkopo wa pembejeo ukabaki. Miaka miwili kila nikinusa moshi natoka nje kuangalia. Watu wa semina walikuja wakatuambia tuzungumze. Nilizungumza. Haikusaidia kitu.

Ilinitoka nilipojenga bani jingine palepale, juu ya majivu yaleyale. Nilivyokausha mzigo wa kwanza ukatoka salama, nikalala siku mbili mfululizo, mke wangu akadhani naumwa. Hiyo ya mkono kuifuata kazi, Mwalimu, hiyo naielewa.

---

Njia ya Kasulu
Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Nimefanya kazi karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kadhaa, nitoe angalizo moja.

Kambi ile ipo tangu 1996. Kuna mtu mzima mwenye watoto ambaye amezaliwa mle. Nimeona madodoso ya kila aina yakipita, na hilo la siku saba pia. Mnamuuliza mama aliyekimbia Burundi mara ya pili: "Tukio lile, limefika mwisho?" Tukio lipi, wakati anakaa ndani yake? Kila wiki anasikia minong'ono ya kurudi, kila mwezi anapanga foleni ya posho ya chakula. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa, watu wakahamishwa, kuna waliovunja vibanda vyao kwa mara ya tatu maishani. Huyo akikupa alama 2, usiandike kwamba kumbukumbu yake haijafungwa. Mlango wenyewe ndio haujafungwa.

Mimi ningeweka swali la kwanza kabisa kwenye fomu: "Jambo hili bado linaendelea?" Akisema ndiyo, funga kishikwambi, omba maji ya kunywa, muongee mengine.

---

Fundi Karabai
Jumapili, saa 7:30 mchana

Kuna mtu hajaongelea wale wasio na kaburi? Huku mwaloni ndio wengi.

---

Mwalimu wa Isevya
Jumapili, saa 8:45 mchana

Fundi, hapo kuna mama mmoja, Pauline Boss wa Marekani. Miaka ya 1970 alikaa na wake za marubani waliopotea vitani Vietnam na nchi jirani. Miili haikuja. Akaona wanawake wale hawaugui kwa sababu ni dhaifu. Hali yenyewe haina jibu: mtu hayupo, lakini hakuna aliyekwambia amekufa. Tangu hapo amekuwa akipinga neno hili la kufunga. Anasema watu wale hujifunza kubeba mawili kwa pamoja, pengine amekufa, pengine atarudi, na ukiwalazimisha wachague moja unawaumiza upya. Kwa hiyo ukiniuliza kama kipimo chetu kinawafaa, nasema hakiwafai.

Sheria nayo inajaribu. Sheria yetu ya ushahidi inamhesabu amekufa mtu ambaye wanaostahili kusikia habari zake hawajazisikia miaka mitano. Masheikh nao wana hesabu zao, Maliki miaka minne kwa mke kumsubiri, Shafii ana maneno mengine. Hizo zote zinasaidia mirathi na ndoa. Usingizi hazisaidii.

---

Kijiti cha Gungu
Jumapili, saa 9:12 alasiri

Na ile ya kuandika barua ukachoma? Kuna jamaa TikTok anaapa.

---

Mwalimu wa Isevya
Jumapili, saa 9:40 alasiri

Kuchoma sina ushahidi. Kuandika upo: James Pennebaker na Sandra Beall, 1986, waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike lililowaumiza zaidi maishani. Siku zile walitoka na huzuni kuliko walivyoingia, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Na mwaka 2010 Xiuping Li na wenzake waliwaambia watu waandike jambo linalowauma, wengine wakalitia kwenye bahasha na kuigandisha kabla ya kuikabidhi. Wa bahasha walijisikia nafuu zaidi. Bahasha tu.

---

Mgebuka Mkavu
Jumapili, saa 9:44 alasiri

Yaani kumzika mtu kwenye karatasi. Sisi tunaita mazishi. Naona tunaelewana taratibu.

---

Mtu wa Rusimbi (mleta mada)
Jumatatu, saa 3:25 usiku

Wakuu nilikuwa mtaani, nimerudi nimekuta uzi umenoga. Nijibu kidogokidogo.

Njia ya Kasulu, swali lako nimelipeleka kwa msimamizi leo na limekubaliwa. Linakaa juu ya fomu. Kati ya niliowahoji leo Kibirizi, watatu walisema bado linaendelea, nikafunga kishikwambi kama ulivyosema. Mmoja alinipa mihogo.

Sentensi ya kitabu tumeitoa. Badala yake tumeweka: "Likikujia, linakuja lenyewe au unalileta wewe?" Hiyo kila mtu anaielewa bila mfano. Mzee mmoja alijibu, "Mchana nalileta mimi, usiku linakuja lenyewe." Nilitamani fomu iwe na mahali pa kuandika hivyo. Mwalimu najua utanikemea.

Sasa kuna jambo nimeliona ambalo sijalisikia kwenye semina yoyote. Tunatakiwa tumrudie mhojiwa baada ya wiki mbili na maswali yaleyale, kuona kama majibu yanakaa. Familia za wavuvi majibu hayakai. Nilidhani wananidanganya. Kumbe wiki ya kwanza nilikwenda kwenye mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wako nyumbani wanashona nyavu, maana taa hazivuti dagaa mwezi ukiwaka. Nilivyorudi ilikuwa giza. Waume na watoto wako majini usiku kucha. Mama aliyempoteza mume ziwani, na sasa mwanawe yuko palepale, unamuuliza "siku saba zilizopita ulishtuka mara ngapi?" Atakosaje kushtuka? Ni watu wachache niliowaona, sidai zaidi ya hapo. Ila nimeanza kuandika pembeni ya kila fomu: giza, au mbalamwezi. Yule mama aliyenicheka Katonga aliniambia ile miezi mitatu ziwa lilipofungwa walilala njaa, lakini walilala.

---

Mwalimu wa Isevya
Jumatatu, saa 3:58 usiku

Sikukemei, ila ujue bei yake. Ukibadili sentensi, namba zako haziwezi kusimama pembeni ya namba za Marekani. Ni kipimo kipya, nacho lazima kipimwe chenyewe kwanza. Hilo la mwezi liandike vizuri, umpelekee mwenye utafiti kwa maandishi, na jina lako juu. Usimwambie kwa mdomo. Vitu vya wakusanya data hupotelea kwenye mdomo.

---

Fundi Karabai
Jumatatu, saa 4:10 usiku

Mleta mada, wewe mwenyewe una mtu majini? Unavyoandika naona kama unapajua.

---

Mtu wa Rusimbi (mleta mada)
Jumatatu, saa 5:02 usiku

Fundi umenishika.

Kaka yangu. 2017. Mtumbwi ulionekana upande wa Kagunga, taa bado imefungwa mahali pake. Yeye hakuonekana. Swala ya ghaibu iliswaliwa, mama alihudhuria, alipika, alipokea pole. Ukimuuliza atakwambia yamekwisha.

Sasa mtaani kwetu kuna chama cha kuzikana. Kila mwanachama ada elfu mbili kwa mwezi. Ukiacha kulipa miezi mitatu jina linakatwa, na jina likikatwa siku yako ikifika hakuna sanda wala gari. Mama analipa ada yake, na anailipa ya kaka. Tangu 2017. Mweka hazina anaipokea, anamwandikia risiti kwa jina la kaka, hajawahi kusema neno. Na mimi sijawahi kumuuliza mama analipia nini hasa. Amzike atakapopatikana? Au kwa sababu anayelipiwa ada bado ni mwanachama, na mwanachama ni mtu aliye hai? Labda yote mawili, kama alivyosema Mwalimu kuhusu wale wake wa marubani.

Wiki iliyopita jina la mama lilitoka kwenye sampuli. Haturuhusiwi kuhoji ndugu, akaenda mwenzangu. Fomu yake iko humu kwenye kishikwambi, namba ya utambulisho naijua kwa sababu nyumba zinafuatana. Sijaifungua.

---

Mama Zulfa
Jumatatu, saa 5:20 usiku

Usiifungue, mwanangu. Mwezi huu umemlipia nani?

---

Mtu wa Rusimbi (mleta mada)
Jumatatu, saa 5:31 usiku

Wote wawili, mama. Yeye yuko Kasulu kwenye harusi ya binti wa mama mdogo. Alipiga simu tarehe moja asubuhi, hata salamu hatujamaliza: "Elfu nne iko chini ya mkeka, usichelewe, mweka hazina anatoka mapema." Risiti nimeziweka palepale chini ya mkeka, zote mbili.